Kinamasi kimoja, serikali mbili: kila nchi iandikishe upande wake, au zisaini mkataba mmoja?

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha mazingira mpakani ambacho asubuhi yake nzima iliishia kwenye neno moja. Mtaalamu wa ramani alikuwa ametundika ukutani ramani ya kinamasi, kazi safi kabisa, mafunjo kwa kijani na maji kwa bluu, na juu yake akaandika "Eneo la Pamoja". Ofisa mmoja wa usalama, mzee mtaratibu ambaye hakuwa ametia neno tangu salamu, akainua mkono. "Pamoja na nani?" Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Chai ya saa nne ilipoletwa tulikuwa bado tunabishania kichwa cha ramani, na wageni kutoka ng'ambo ya mpaka walishafunga madaftari.

Mzee yule hakuwa na ugomvi na korongo wala mafunjo. Alikuwa anafanya kazi yake, na swali lake ndilo ambalo sisi watu wa mazingira huwa tunaliruka. Tunafika mpakani na hesabu za ndege na picha za setilaiti, tunaulizana njia ipi ya uhifadhi ina nguvu zaidi kwenye karatasi. Mimi siku hizi nauliza jambo jingine: siku mpaka ukifungwa, njia ipi itaendelea kufanya kazi? Nitalinganisha njia nne kwa kipimo hicho, mbili kwa kirefu na mbili kwa kifupi, kwa yeyote aliyepewa jukumu la kushauri halmashauri, wizara au asasi yake.

Mpaka unauma wapi?

Nianze na Minziro. Upande wa Tanzania, wilayani Missenyi mkoani Kagera, kuna msitu wa takriban hekta 25,000 ambao mvua zikikolea sehemu kubwa yake husimama ndani ya maji. Ukivuka kwenda Uganda msitu unaendelea, ila unaitwa Malabigambo, na kutoka hapo unaingia kwenye vinamasi vya Sango Bay hadi mto Kagera unapomwaga maji yake Ziwa Victoria, karibu na Kasensero. Mpaka wenyewe ni nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Waingereza na Wajerumani waliuchora kwa rula, haukufuata kijito wala kilima.

Sasa sikiliza kosa ambalo mtaalamu mgeni hulifanya kwa nia njema kabisa. Anatazama ramani, anaona mstari ulionyooka unaokata msitu katikati, anaona mto Kagera uko kusini kidogo, anasema: "Kiikolojia mpaka wa asili hapa ni mto. Tupange kanda za hifadhi kufuata mto." Kisayansi anaweza kuwa na hoja. Lakini hayo ndiyo maneno ya Idi Amin. Majeshi yake yalivuka Oktoba 1978, yakakalia ardhi yote iliyo kati ya mstari na mto, na Amin akatangaza kwamba mpaka sasa ni Kagera. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita vilivyofuata vilifika Kampala Aprili 1979. Mtu wa Missenyi mwenye miaka sitini leo alikuwa kijana mdogo siku zile, na anakumbuka alikimbilia wapi. Ukimwambia mpaka wa asili ni mto, hasikii ikolojia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, jua kidonda ni cha aina gani. Minziro mstari wenyewe hauna mgogoro tena, kinachouma ni kumbukumbu. Kwingine mstari ndio ugomvi, kama Kenya na Uganda kwenye kisiwa cha Migingo, Ziwa Victoria, au Kongo na Uganda kwenye kisiwa cha Rukwanzi, Ziwa Albert, ambako watu walikufa mwaka 2007 hadi marais wakakutana Ngurdoto, Arusha. Na kuna mahali maji ndiyo ugomvi, mstari hauna shida. Dawa za vidonda hivyo hazifanani.

(Halafu kuna balaa la mpaka unaotembea. Semliki, kati ya Kongo na Uganda, hubadili njia yake kwenye tambarare. Mto ukihama, mtu analala upande mmoja na shamba lake linaamka upande mwingine. Mahali kama hapo hata kupanda miti kingoni ni jambo la Wizara ya Mambo ya Nje.)

Njia ya kwanza: kila nchi iandikishe upande wake

Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu (vinamasi, maziwa na maeneo mengine ya majimaji), ulisainiwa Iran tarehe 2 Februari 1971, na walioutunga walikuwa wanajua watu wakoje. Kifungu cha 2 kinasema kuandikisha ardhioevu kwenye orodha hakugusi mamlaka ya nchi juu ya ardhi yake. Kifungu cha 5 kinazitaka nchi zinazochangia ardhioevu moja zishauriane. Kushauriana tu. Hakuna askari wa kigeni wala makao makuu ya kuamrisha, na ramani unayopeleka inaishia kwenye bikoni, yaani nguzo ya mpaka, ya mwisho ya nchi yako.

Uganda ilishafanya hivyo. Mwaka 2006 iliandikisha Sango Bay, kisiwa cha Musambwa na kinamasi cha Kagera, jumla hekta 55,110. Tanzania ina maeneo manne ya Ramsar, yaani Malagarasi-Muyovozi, bonde la Ziwa Natron, bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa, na hakuna hata moja linalofika Minziro. Maana yake leo hadhi ya Ramsar inakatika palepale penye bikoni, katikati ya msitu mmoja. Minziro si yatima, ina ulinzi wake kama msitu wa hifadhi. Ila kuna kasoro ndogo ya kiofisi ambayo huzaa kubwa: msitu upande wa Tanzania uko chini ya wakala wa misitu, na Ramsar inashughulikiwa na watu wa wanyamapori. Mwenzao wa Uganda akitaka kupiga simu, ampigie nani?

Uzuri wa njia hii ni kwamba Dodoma haihitaji kuiomba Kampala ruhusa. Hakuna saini ya wawili, hakuna kusubiri mabunge mawili. Na kila upande ukishaandikisha, nchi zikipenda zinaweza kuyatangaza maeneo yao mawili kuwa pacha, eneo la Ramsar la kuvuka mpaka. Hungaria na Slovakia walianza mwaka 2001 na pango lao la Baradla-Domica. Senegali na Gambia wakaunganisha Saloum na Niumi mwaka 2008. Utangazaji huo hauongezi wajibu wowote wa kisheria. Wengine huona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo sababu nchi zenye wasiwasi hukubali. Uhusiano ukichafuka, pacha zinasinzia, lakini kila mmoja bado ana eneo lake na wajibu wake.

Kasoro iko ardhini. Mipango miwili isiyosemezana humchosha mtu wa kawaida. Mvuvi wa kambare anaambiwa upande huu macho ya wavu yawe makubwa, upande ule hakuna anayeuliza. Mafunjo yanachomwa upande mmoja wakati upande wa pili ndege wako kwenye mayai, na moto hausomi bikoni. Nzohe, yule swala wa vinamasini, akivuka, hujui ameingia kwenye ulinzi gani.

Halafu usidhani kwamba kufanya peke yako ni kufanya kimyakimya. Mwaka 2012 UNESCO ilijadili ombi la Korea Kusini la kuufanya upande wake wa ukanda usio na jeshi, unaozitenganisha Korea mbili, uwe hifadhi ya baiyosfia. Ukanda ule, kwa miaka zaidi ya hamsini bila jembe wala nyumba, umekuwa makazi ya korongo. Korea Kaskazini ikapinga, ikisema ni kukiuka makubaliano ya kusimamisha vita ya 1953, na ombi likakwama. Mwaka 2019 Kusini ikafanikiwa kuandikisha maeneo mawili yaliyo kusini ya ukanda wenyewe. Walirudi nyuma kidogo, wakapata. Mahali ambapo hadhi ya ardhi yenyewe bado ni swali, kuandikisha upande wako husomeka kama kudai.

Njia ya pili: mkataba mmoja, hifadhi moja

Hapa mfano unaotajwa kila semina ni Prespa, maziwa mawili yanayochangiwa na Albania, Ugiriki na nchi ambayo leo inaitwa Makedonia Kaskazini. Ziwa lao dogo kwa miaka mingi lilikuwa na kundi kubwa kuliko yote duniani la mwari wa Dalmatia, ndege wakubwa wa majini, wanaozaliana. Tarehe 2 Februari 2000, Siku ya Ardhioevu Duniani, mawaziri wakuu watatu walitangaza Hifadhi ya Prespa. Mkataba kamili ukasainiwa miaka 10 baadaye, tarehe 2 Februari 2010, Umoja wa Ulaya nao ukiweka saini. Kisha ukasubiri miaka kadhaa zaidi hadi pande zote ziuridhie.

Muda wote huo Ugiriki ilikuwa haikubali hata jina la jirani yake. Ebu fikiria kuandaa mwaliko wa kikao cha ndege wakati jina la nchi ya mgeni ni kosa la kidiplomasia. Wakatumia jina la muda lililokuwa linatumika Umoja wa Mataifa, wakaendelea kuhesabu mwari na kupima kina cha maji. Juni 2018, ugomvi wa jina ulipopata ufumbuzi, mawaziri wa mambo ya nje walikwenda kusaini Psarades, kijiji cha wavuvi kando ya lile ziwa kubwa kati ya hayo mawili. Wapo wanaosema uhifadhi ndio ulioleta amani. Sikubaliani nao. Siasa za Athens na Skopje ndizo zilizobadilika. Ziwa lilikuwa tu mahali ambapo watu wa pande zote walishazoea kukutana bila kuaibika. Hilo si dogo, lakini usimuuzie waziri wako zaidi ya hilo.

Faida za mkataba ni za kweli: una sekretarieti, una bajeti, una tarehe za vikao ambazo waziri mpya akiingia anazikuta. Gharama yake ni muda na mtaji wa kisiasa. Kwa Tanzania, mkataba ambao masharti yake yanataka kuridhiwa lazima upite Bungeni, ndivyo Katiba inavyosema katika ibara ya 63. Ukishafika Bungeni, mbunge wa mpakani atasimama aulize swali la yule mzee: pamoja na nani? Na ni haki yake.

Kama mkataba ni lazima, kuna kifungu kimoja cha kuiga. Ujerumani na Uholanzi hadi leo hazijakubaliana mpaka wao unapita wapi kwenye mlango wa mto Ems, penye matope na maji ya chumvi ambapo ndege wahamaji hula. Mwaka 1960 zilisaini mkataba wa kusimamia eneo hilo huku kila mmoja akibaki na msimamo wake: ushirikiano huu hauathiri madai ya yeyote. Basi. Wanatengeneza njia za meli, wanalinda matope yao, na mwanasheria wa kila upande bado ana ramani yake kwenye droo. Kifungu kama hicho kiwekwe hata kwenye hati ya makubaliano ya kurasa mbili, hata kwenye ripoti ya kuhesabu ndege.

Kuna na mkataba wa kuogopa. Iran na Afghanistan zilisaini mwaka 1973 juu ya maji ya mto Helmand: mita za ujazo 26 kwa sekunde ziende Iran, kama mita za ujazo milioni 820 kwa mwaka wa kawaida. Mto huo ndio unaolisha Hamun, maziwa ya matete yaliyo juu ya mpaka wao. Mkataba uligawa maji ya watu, Hamun yenyewe haikupewa fungu. Miaka ya ukame maziwa yamekauka, pepo zikabeba vumbi lake hadi mijini, na Mei 2023 askari wa mpakani wakarushiana risasi huku wakubwa wakigombea maji. Pale ambapo maji ndiyo ugomvi, kulinda mafunjo bila kuzungumzia mabwawa ya juu ya mto ni kufagia uwanja wakati nyumba inavuja.

Jambo hilo linatugusa. Maji ya Kagera yanatoka Rwanda na Burundi, yanapita Rusumo kwenye mtambo wa umeme wa megawati 80 unaochangiwa na nchi tatu, ndipo yafike Minziro. Mto huohuo ndio uliotuletea magugumaji ziwani, na mwaka 1994 ulibeba miili ya waliouawa Rwanda hadi Kasensero, ambako walizikwa. Mkataba wa Tanzania na Uganda pekee utakuwa umeshika mkia wa mto.

Njia ya tatu: kupitia chombo cha bonde

Hapa sina maneno mengi. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, na itifaki yake ilisainiwa mwaka 2003. Mpango wa Bonde la Nile uko Entebbe tangu 1999. Faida yao kubwa ya kidiplomasia ni kujificha kwenye umati: nchi mbili zisizotazamana usoni zinaweza kukaa meza moja kwa kuwa wapo wengine wengi, na neno mpaka halitajwi, linatajwa bonde. Miaka ambayo Kenya na Uganda zilikuwa zinatunishiana misuli juu ya Migingo, mwamba usiofikia hata ekari moja, kazi ya bonde la Sio-Malaba-Malakisi haikufa, na kinamasi cha Sio-Siteko kule Busia kikaja kupata mpango wake.

Ila chombo bila maji kinapasuka. Shirika la Bonde la Mto Kagera lilianzishwa 1977 na Burundi, Rwanda na Tanzania, Uganda ikaingia 1981, likaandika mipango ya mabwawa na reli, vita na ukata vikalimaliza, likavunjwa 2004. Kinamasi pia huwa cha mwisho kwenye ajenda, baada ya umeme, bandari na umwagiliaji.

Njia ya nne: kuanzia vijijini na kwa askari wa hifadhi

Kwenye milima ya Virunga askari wa hifadhi wa Kongo, Rwanda na Uganda walianza kupeana taarifa na kuratibu doria miaka ya tisini, wakati serikali zao ziko vitani. Mkataba wao ulikuja 2015, kazi ikiwa na umri wa miaka ishirini na zaidi. Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii. Udhaifu wake: inategemea mtu. Ofisa mzuri akihamishwa Mtwara, simu haipokelewi.

Na usiite ya chini ukadhani haina wakubwa. Wilaya ya mpakani ina Kamati ya Usalama chini ya Mkuu wa Wilaya; ng'ambo Uganda kuna mwakilishi wa Rais katika wilaya na kamati yake. Nenda kwao kwanza. Mtu anayetembea kwenye mafunjo alfajiri na darubini na GPS, bila barua, atakamatwa, na atakuwa amestahili. Droni usiitoe hata kwenye begi.

Ziweke kando kwa kando

| Njia | Nani anaamua | Neno la kuogopa | Mpaka ukifungwa |
|---|---|---|---|
| Kila nchi upande wake | Serikali moja | "eneo lote" | Inaendelea, bila mawasiliano |
| Mkataba mmoja | Serikali zote na mabunge | "pamoja" | Vikao vinasimama, sheria inabaki |
| Chombo cha bonde | Baraza la mawaziri wa nchi nyingi | "mgawo" | Inaendelea polepole |
| Vijiji na askari | Kamati za usalama za wilaya | "doria ya pamoja" | Inategemea simu ya nani iko wazi |

Kwa Minziro ningeanza na ya kwanza, bila kusita. Tanzania iandikishe upande wake kwa ramani inayoishia kwenye mstari wa nyuzi 1, isisogee hata hatua moja kufuata mto. Barua ya kuijulisha Uganda ipite Mambo ya Nje, isitoke kwa mhifadhi kwenda kwa mhifadhi, hata kama wanafahamiana kwa majina ya watoto. Wakati huohuo vijiji vikubaliane jambo moja dogo linalopimika: tarehe za kuchoma mafunjo. Kuhesabu ndege Januari kufanyike siku moja pande zote mbili, kila mmoja ndani ya nchi yake, matokeo yabadilishwe kwenye jedwali moja. Suala la maji lipelekwe Kisumu, ambako Kigali na Gitega wanakaa. Uhusiano wa Dodoma na Kampala kwa sasa ni mzuri, bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga linapita mpaka huohuo karibu na Mutukula, na wakati wa urafiki ndio wa kuandika vitu ambavyo havihitaji urafiki kuendelea.

Kwa Rweru na Cyohoha, maziwa ya Rwanda na Burundi, ushauri wangu ni mkali zaidi. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Burundi ilishaandikisha Ramsar maziwa yake ya kaskazini. Hapo zungumzia njia ya kwanza pekee, na ya tatu kwa sauti ya chini. Atakayependekeza doria ya pamoja atakuwa anahatarisha watu. Na kwa visiwa kama Migingo, ambako mstari wenyewe haujaafikiwa, ningeanza na chombo cha bonde, nikiwa na kifungu cha Ems mfukoni, kabla ya mtu yeyote kuandikisha chochote.

Maneno nayo yapimwe. "Usimamizi ulioratibiwa" hupita mahali ambapo "usimamizi wa pamoja" hukwama. "Nchi jirani" ni salama kuliko jina la nchi kwenye kichwa cha ripoti. Bendera kwenye bango zilingane ukubwa, na nembo ya mfadhili isiwe kubwa kuliko zote, maana wazee huuliza pia mradi huu ni wa nani.

Kile kikao chetu? Baada ya chai, kijana wa ramani alifuta kichwa chake kwa kalamu nyeupe, akaandika juu yake: "Mimea na Maji, Julai". Mzee akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akawageukia wageni wa ng'ambo akawauliza mafunjo yao huwa wanayachoma mwezi gani.